Mfagizi wa Hallam na kaburi lililonyamaziwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande haujakauka bado juu ya majani ya mikwaju, Ineta Tonge anafungua kufuli la geti la chuma na kuingia peke yake katika magofu ya shamba la miwa la Hallam, kwenye kisiwa kimoja cha Karibi. Mkononi ana fagio la chelewa. Begani ana mkoba wenye chupa ya chai ya majani na mkate uliojazwa samaki wa chumvi.

Haanzii kwenye mnara wa kinu cha upepo, ambao ndio wageni huukimbilia kupigia picha. Anapita pembeni yake na kuingia kwenye nyumba ya kuchemshia, jengo refu la mawe lisilo na paa, na kuanza kufagia.

"Mbuzi wanalala humu," anasema akiwa ameinama. "Mawe haya yanakaa na joto usiku kucha. Kila asubuhi naondoa mavi yao kabla mgeni hajafika. Watu wananiambia jenga ua, wafukuze. Mbuzi hajui kilichotendeka humu ndani. Yeye anatafuta joto tu, mwache."

Ndani ya ukuta mmoja kuna mashimo matano ya duara yaliyopangwa kwa mstari, kubwa mpaka dogo. Ndimo yalimokaa masufuria ya shaba ya kuchemshia maji ya miwa. Ineta huyafagia moja baada ya jingine, na hana haraka. Akifika la mwisho, lile dogo kuliko yote, husimama kidogo na kunyoosha mgongo.

"Hili lilikuwa la moto kupita yote. Aliyesinzia hapa aliacha mkono."

Ineta ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mfagizi, mkata nyasi, mkata tiketi na mwongoza wageni wa Hallam, kazi nne kwa mshahara wa mtu mmoja: dola mia tano na ishirini za Karibi ya Mashariki kwa wiki, kabla ya makato. Meli za watalii zikiwa bandarini St. John's, hupokea hadi wageni sitini kwa siku. Msimu wa vimbunga ukifika, anaweza kukaa wiki nzima bila kumwona mtu zaidi ya yule anayekuja kutafuta punda wake.

Asubuhi hii wanakuja tisa. Miongoni mwao wamo kijana na mchumba wake waliovaa nguo nyeupe. Wamekuja na mpiga picha, na wanaomba kusimama ndani ya nyumba ya kuchemshia kwa sababu mwanga unaingia vizuri.

Ineta anawatazama kwa upole.

"Mwanangu, pigeni kule kwenye mnara. Kule kuna upepo na bahari inaonekana nyuma yenu. Humu watu waliungua."

Binti anauliza kama ni zamani sana. Ineta anamjibu kwamba ni zamani, ndiyo, halafu anawaongoza hadi kwenye mnara na kumsaidia binti yule kushika pindo la gauni lisiguse miiba.

Mwanamume mmoja mwenye kofia pana anauliza swali ambalo Ineta anasema haipiti wiki bila kulisikia: je, mwenye shamba hili alikuwa mtu mwema, au mbaya?

"Mwanzoni nilikuwa nakasirika," anasema baadaye, wageni wakiwa wameondoka. "Siku hizi nawauliza, wewe ungependa akuweke kwenye lipi kati ya yale mashimo matano ndipo uuone wema wake? Hapo wananyamaza, na wakishanyamaza ndipo wanaanza kusikiliza."

*

Ineta alizaliwa Newbright, kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu chini ya Hallam. Ni mtoto wa pili wa Adina Tonge, mkata miwa, aliyemlea yeye na kaka yake Rolston peke yake baada ya baba yao kwenda kisiwa cha Curaçao kwenye kazi ya mafuta na kutorudi.

Wakati huo kinu cha Hallam kilikuwa gofu tayari. Mashamba yaliyokizunguka, hata hivyo, yalikuwa bado yakilimwa, na miwa ilipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa kiwandani. Akiwa na miaka tisa, Ineta alibeba maji kuwapelekea wakataji kila siku ambayo hakuna shule, na siku nyingine ambazo shule ilikuwepo.

"Nakumbuka mkono wa Mama ulivyokuwa," anasema. "Jani la muwa linakata kama wembe. Alikuwa anafunga vitambaa, lakini damu inapita. Jioni anaweka mikono kwenye beseni la maji ya chumvi na anatwambia tusizungumze naye mpaka aitoe."

Mwaka ambao miwa ilikoma kisiwani, Ineta alikuwa na miaka kumi. Mama yake alirudi nyumbani na panga, akalisugua, akalipaka grisi, akalichimbia nyuma ya choo. Tangu siku ile, Bi Adina hakukanyaga tena ardhi ya Hallam. Akienda kanisani alizunguka kwa njia ya bwawani, ingawa njia ya Hallam ni fupi zaidi.

Ineta alifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka ishirini na mmoja, mpaka kimbunga kilipong'oa paa na mwenye hoteli akaona hakuna faida ya kulirudisha. Alikaa miezi saba bila kazi. Ndipo akasikia kwamba ofisi inayosimamia magofu inatafuta mtu wa kufagia Hallam.

Alipopeleka habari nyumbani, mama yake alikuwa anasonga ugali wa mahindi na bamia. Bi Adina hakugeuka.

"Mimi nimetoka kwenye uwanja wa Bakra mgongo umevunjika," alimwambia, akitumia jina ambalo wazee wa hapa wanamwitia mzungu mwenye shamba. "Wewe unarudi na ufagio kumfagilia. Haya. Nenda kamtandikie na kitanda."

Kuanzia wiki ile, Bi Adina hakula chakula kilichonunuliwa kwa mshahara wa Hallam. Alikuwa na pensheni yake ndogo, alikuwa na kuku na viazi vitamu uani, na alitosheka navyo. Katika jiko la nyumba moja yakaanza kupikwa masufuria mawili, la mama na la binti. Jumapili, siku ya samaki na dukana, yale maandazi ya viazi vitamu yanayochemshwa ndani ya majani, walikaa meza moja, kila mtu na sahani yake.

"Miaka kumi na nane," anasema Ineta. "Watu wanafikiri tulikuwa tunagombana. Hatukugombana. Tulikuwa tunaombana chumvi vizuri tu."

Kaka yake, Rolston, fundi wa magari, hakumficha alichokuwa nacho moyoni. Kila alipopita na gari lake alipunguza mwendo mbele ya geti.

"Umemwona leo?" alikuwa anamuuliza.

"Nani?"

"Bwana Hallam. Mwambie nyumba imependeza. Mwambie mfagizi wake hana mfano kisiwa kizima."

Rolston mwenyewe halikani hilo. Nilimkuta chini ya gari, miguu ikiwa nje, na alinijibu bila kutoka. "Mimi ningeweka baruti. Mnara, nyumba, tangi, vyote. Nilimwambia hivyo. Unatunza fimbo iliyompiga bibi yako, unaipangusa vumbi, halafu unakata tiketi. Ya nini?"

Akaomba spana namba kumi na nne.

"Lakini sasa nimebadilika," alisema nilipompa. "Siyo sana. Kidogo."

*

Kilichombadilisha Rolston kilianza na ukame.

Miaka minane iliyopita mvua ilikataa kabisa. Tangi la maji la Hallam, ambalo halijawahi kukauka katika kumbukumbu ya mtu yeyote, lilionyesha matope yake. Miti ya miiba nyuma ya nyumba ya kuchemshia ikafa, na Ineta, akiogopa moto, akaanza kuikata kwa panga ili kuweka nafasi wazi.

Siku ya tatu panga liligonga kitu kilicholia kama sahani. Lilikuwa kome kubwa la baharini, aina ile yenye mdomo wa rangi ya waridi, limekaa juu ya udongo likiwa limeangalia mashariki. Hatua mbili mbele akakuta jingine. Mbele yake tena, jingine.

"Bahari iko maili tatu," anasema. "Kome halitembei. Nilipohesabu kumi na mawili yamekaa kwa safu, nikaweka panga chini. Nikavua na kofia. Hakuna aliyeniambia ni nini, lakini nilijua."

Aliandika barua kwa mkono na kuipeleka ofisini mwenyewe. Baada ya miezi minne alikuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Trinidad, Dakta Shanti Ramkeesoon. Alikaa siku mbili, akapiga picha, akasema kwamba kwa dalili zote ni makaburi ya watu waliofanya kazi katika shamba hili wakiwa watumwa, na kwamba panahitaji kupimwa vizuri. Upimaji ulihitaji fedha. Ofisi ilisema itautafutia bajeti.

Bajeti haikuja. Akabadilishwa mkuu wa ofisi, akaja mwingine, na barua ya Ineta ikabaki kwenye faili la mkuu wa kwanza. Miaka saba ikapita. Ineta aliendelea kukata miiba pale, taratibu, akizunguka kila kome kwa mkono bila kulisogeza. Wageni hakuwapeleka. Aliona si haki kuwapeleka watu kwa wenyewe ambao hajawajua majina.

Nyumbani hakusema neno. "Ningemwambia Mama nini? Hilo jina la Hallam lilikuwa halitajwi mezani."

Halafu, mwezi wa Machi mwaka jana, akaletewa ramani. Idadi ya meli ilikuwa imeongezeka na mabasi ya watalii hayana pa kugeuzia. Nyuma ya nyumba ya kuchemshia, mahali penye miiba, pamechorwa mstatili wa rangi ya kijivu: maegesho ya mabasi manane.

Ineta alipiga simu ofisini. Aliambiwa eneo lile halimo kwenye orodha ya maeneo yaliyohifadhiwa. Aliuliza kuhusu barua yake. Aliambiwa barua haionekani.

Jumanne, tingatinga likafika. Dereva wake alikuwa Alston, kijana wa Newbright ambaye Ineta anamjua tangu akiwa anatambaa. Ineta akafunga geti na kusimama ndani.

"Anti, fungua basi," Alston alimwambia kutoka juu. "Mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa. Rudi umwambie aliyekutuma kwamba kuna watu huku nyuma."

"Watu gani? Mimi naona mbuzi."

"Umeangalia vibaya."

Nyapara wa kazi akapiga simu ofisini. Jibu lililorudi ni kwamba geti lifunguliwe kufikia Alhamisi asubuhi, na mfanyakazi akizuia tena, kazi yake itakuwa imekwisha.

*

Jioni ya Jumatano, Ineta alikaa mezani na sahani yake bila kuigusa. Mama yake, wakati huo akiwa na miaka tisini na mmoja, alikuwa upande wa pili anamenya kiazi kitamu. Ineta anakumbuka kwamba redio ilikuwa inatangaza kriketi na hakuna aliyekuwa anasikiliza.

"Wamekufukuza?" Bi Adina aliuliza.

"Bado. Kesho."

"Umeiba?"

"Mama. Niibe nini kule, mawe?"

"Sasa kwa nini?"

Ineta akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na nane kuisema kazi yake chini ya paa lile. Akataja mabasi, akataja tingatinga. Akasema wanataka kusawazisha nyuma ya nyumba ya kuchemshia, kwenye makome.

Kisu cha Bi Adina kilisimama.

"Makome bado yapo?"

Ineta hakuwa amewahi kumwambia mama yake habari ya makome. Hakuna mtu Newbright aliyekuwa ameambiwa.

"Yapo, Mama. Wewe umeyajuaje?"

Bi Adina alimaliza kumenya kiazi, akakiweka kwenye maji, akaenda kulala bila kukipika.

Alhamisi, Ineta alipotoka chumbani alfajiri, alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Alikuwa amevaa gauni la kijivu la kanisani, kofia ya nyavu, na viatu vyake vya kufunga kamba. Mkoba ulikuwa magotini.

"Mwite Rolston alete gari," alisema. "Nipeleke."

Rolston anasema katika maisha yake hajawahi kuendesha polepole vile. Hakufanya mzaha hata mmoja. Walipofika getini, Bi Adina alikataa kupitia pale. Alisema hapiti kwenye geti la Bakra. Wakamzungusha kwa nje, kandokando ya ukuta wa tangi, Rolston akikanyaga miiba mbele ili kumfungulia njia na Ineta akimshika kiwiko.

Upande wa nyuma aliwaachia mikono. Alitembea peke yake na fimbo yake, akapita safu ya kwanza ya makome, akapita ya pili. Katika safu ya tatu akahesabu kwa kidole, midomo ikitikisika. Akasimama mbele ya kome dogo kuliko mengine, lililovunjika ukingo, karibu na kisiki cha mkwaju.

"Nileteeni kiti," alisema.

Tingatinga lilikuwa limeshaingia kwa upande wa barabara, likivunja miiba bila kungoja geti, na kelele zake zilikuwa zinatikisa ardhi. Ineta alitaka kukimbia kulizuia. Bi Adina akainua fimbo tu.

Alston akasimamisha mashine, lakini injini ikaendelea kunguruma.

"Wewe ni wa nani?" Bi Adina alimuuliza.

"Wa Vashti, Bi Adina. Mjukuu wa Vashti."

"Vashti wa kwaya?"

"Huyohuyo."

"Basi zima hilo dude. Bibi yako alikulea usikilize mtu mzima akisema."

Alston akazima. Nyapara naye akasogea, simu ikiwa mkononi. Na hapo, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, Bi Adina akasema kile ambacho hakuwa amekisema kwa mtu yeyote, hata kwa watoto wake.

Yeye alizaliwa palepale Hallam, katika vibanda vya wafanyakazi ambavyo leo havijabakiza hata jiwe. Alipokuwa na miaka kumi, katikati ya msimu wa mavuno, mama yake, Keturah, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku kumi na mbili. Alikufa alfajiri ya siku ya kazi. Makaburi ya kanisa yalikuwa maili nne, na mchungaji alihitaji kuitwa. Keturah alikwenda kwa msimamizi wa shamba kuomba siku moja. Msimamizi alimwambia akiacha mstari wake wa miwa siku hiyo, asirudi, na chumba akiache wazi.

"Mama alirudi," Bi Adina alisema. "Akachukua kasha la sabuni. Akanipa nilibebe mimi, kwa sababu yeye alikuwa na jembe. Tukaja hapa, walipolala wale wa zamani. Wazee walituonyesha mahali. Alichimba mwenyewe. Kome tulilipata kwa jirani, alikuwa analitumia kuzuia mlango."

Alipomaliza kufukia, Keturah alinawa mikono tangini, na kabla jua halijafika utosini alikuwa mstarini anafunga miwa. Maziwa yalikuwa yanalowesha gauni lake. Jioni alimwita Adina na kumwambia kwamba jina la yule mtoto lisitajwe tena ndani ya nyumba ile.

"Nimekuwa nikizunguka njia ya bwawani," Bi Adina alisema, akiwa anamwangalia Ineta sasa, siyo wengine. "Ulidhani ni kwa sababu ya kiburi."

Alston alishuka. Ineta anasema alivua kofia yake ya kazi, akaishika mbele kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani, na hakupanda tena siku ile. Nyapara alikwenda pembeni akapiga simu ndefu.

Rolston alikuwa amegeukia ukutani.

*

Kazi ilisimama Alhamisi hiyo na haikuendelea. Dakta Ramkeesoon alirudi baada ya wiki sita na vifaa vya kupimia ardhi, akapata makaburi sitini na moja, mengi yakiwa hayana kome tena. Maegesho ya mabasi yakahamishiwa ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja uliokuwa unaota magugu tu.

Ineta hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo kwa kuzuia kazi halali, na hadi leo haijafutwa. Anaiweka kwenye droo pamoja na bili za umeme. "Hakuna aliyeniomba radhi," anasema. "Sikungoja. Nilikuwa na shughuli."

Shughuli yenyewe ilikuwa ni daftari. Habari za Bi Adina kukaa juu ya kiti mbele ya tingatinga zilienea Newbright kabla ya chakula cha mchana, na ndani ya wiki ile wazee wakaanza kumtumia Ineta salamu. Kumbe hakuwa Adina peke yake aliyezunguka njia ya bwawani. Mzee mmoja alikuwa na nyanya pale. Mwanamke wa kijiji cha Parham alikuwa na mjomba aliyekufa kwa kupigwa na jua. Wengine walikuwa na majina tu, waliyorithi kwa wazazi wao bila kuambiwa ni ya nani: Quasheba, Tom Wakili, Mama Phibba, Kumi-na-Mbili.

Kila Jumamosi alasiri Ineta hubeba daftari lake la shule na kwenda kukaa na mtu. Haulizi maswali mengi. "Ukiwauliza wanafunga. Nakaa, nasaidia kubambua mbaazi, na jina linatoka lenyewe kati ya mambo mengine. Halafu naomba ruhusa ya kuliandika." Kwa sasa ana majina kumi na saba. Watatu kati ya waliompa wameshafariki.

Wageni sasa huwapeleka nyuma ya nyumba ya kuchemshia. Hawaruhusiwi kupiga picha huko. Anawasimamisha ukingoni, anasoma yale majina kumi na saba, na hasemi kitu kingine. Wengi hulia, wengine huangalia saa. Ineta anasema hana ugomvi na wanaoangalia saa.

Nilimkuta Bi Adina nyumbani akichambua mchele, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Unataka nini tena?" aliniuliza. "Ineta ameshasema yote. Yule akianza hana breki."

Nilimuuliza kama amemsamehe binti yake kwa kazi ile.

"Nimsamehe nini? Kazi ni kazi." Aliendelea kuchambua. "Lakini ile nyumba ya kuchemshia mimi siingii. Aifagie apendavyo. Mimi nitapita nyuma."

Hupita nyuma kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, kwenye gari la Rolston. Hukaa dakika kumi, robo saa. Haleti maua. Huleta maji ya kunywa katika chupa, akamwaga kidogo, mengine akanywa mwenyewe. Nyumbani masufuria bado ni mawili. Ineta anasema hilo ni mazoea tu siku hizi, na kwamba mara moja moja hukuta kijiko cha mama yake ndani ya sufuria lake.

*

Mpango wa Ineta kwa sasa ni jiwe.

Amechangisha kanisani na kwa wageni, fundi mchongaji wa kijiji cha All Saints ameshaanza kazi, na jiwe linatakiwa kusimamishwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, siku ambayo kisiwa kizima husherehekea kuvunjwa kwa minyororo kwa ngoma na vinywaji. Ineta anataka Newbright wapande kwanza Hallam asubuhi, wayasikie majina, kisha waende kwenye ngoma zao. Mwakani anastaafu. Anataka kuondoka jiwe likiwa limesimama, ili atakayemrithi asihitaji kubishana na ramani.

Majina kumi na saba yameshachongwa. Mstari wa kumi na nane uko wazi.

Mama yake analijua jina la yule mtoto. Ineta ana hakika, kwa sababu mara moja alimwona pale kwenye kome dogo akiwa anatikisa midomo kwa namna ya mtu anayeita. Lakini alipomuuliza, Bi Adina alimkatiza.

"Nimekaa miaka themanini na miwili bila kulisema, kwa sababu mama yangu alinikataza. Usinikimbize kwa sababu fundi anasubiri."

Fundi amepiga simu mara tatu. Kila mara Ineta humwambia auache mstari wazi. Ameshajiandaa kwa lolote: jina lisipopatikana, jiwe litasimama na nafasi yake tupu, na wageni watakaouliza atawaeleza kwa nini.

Tunafunga geti saa kumi jioni. Ineta anaweka kufuli, analivuta mara mbili, anapangusa mikono kwenye sketi. Ndipo ananiambia jambo ambalo kutwa nzima hakulisema.

"Jumapili iliyopita tulikuwa tunarudi, Mama amekaa mbele na Rolston, mimi nyuma. Mara akaniuliza, zile herufi za kwenye jiwe zina ukubwa gani?"

Anaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Nikamwambia kubwa, Mama, kama hivi. Akasema vizuri, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo."